Masika ya Mwanangu na Historia ya Bagamoyo

Kamati ya kijitabu hiki ilinipa kazi ya kuandika historia ya mji wetu, kwa vile wanachama wote wanajua kuwa mimi ni mtu wa kuuliza uliza. Nashukuru kwa heshima hiyo. Wenzangu wameshaandika habari za hisa, sanduku, mikopo na mgao wa miaka yote kumi, kwa hiyo huko sigusi. Nitaandika historia ya Bagamoyo kama nilivyoijua mimi, nikiwa na mtoto mgongoni, katika masika ya mwaka 2016. Msomaji aliyezoea historia inayoanza na Waarabu na kuishia na Wajerumani anivumilie. Nao wamo humu, ila watachelewa kidogo kufika.

Kikundi kilianza mwaka 2015. Mwanangu akazaliwa Oktoba mwaka huo huo, wiki ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi ulikuwa Jumapili tarehe 25, yeye akaja Jumatano. Mama mmoja pale wodini alimtazama akasema, "Huyu hahitaji cheti, ataulizia uchaguzi tu." Tukacheka. Lakini maneno yale ndiyo niliyokuja kuyaona kwa macho miezi michache baadaye, na ndiyo sababu ya makala hii.

Masika yalipoanza mwezi wa tatu, mtoto alikuwa na miezi mitano. Mnajua masika ya kwetu. Njia zinajaa maji, kuni hazishiki moto, na sisi wa maandazi biashara inalala. Nikawa nashinda kwenye baraza ya jirani yangu, mama mtu mzima ambaye hapa nitamwita Bibi, kwa sababu ndivyo ninavyomwita. Pale baraza hapakosi wazee. Mmoja anasuka ukili, mwingine anapepeta mchele, mwingine amekuja tu kuuliza hali mvua ikamzuia. Na mtoto mchanga akilazwa katikati ya wazee, jamani, mazungumzo hayawezi kwenda mbali naye.

Siku moja akajipindua mwenyewe, kutoka chali mpaka kifudifudi. Mimi nikapiga vigelegele. Bibi akasema kwa utulivu, "Wangu wa kwanza alianza kutambaa zile siku Amini anakimbia Kampala." Mwenzake akadakia, "Basi huyo wako mdogo kwa wangu. Wangu alikaa mwenyewe wiki aliyouawa Karume." Wa tatu akasema wake aliota jino siku ya msiba wa Sokoine, anakumbuka kwa sababu redio ilikuwa inapiga nyimbo za maombolezo na mtoto analia kwa fizi, akawa hajui anyamazishe kipi.

Mimi hesabu za miaka nazipenda. Usiku nikaandika nyuma ya kadi ya kliniki, maana ndiyo karatasi iliyokuwa karibu. Karume aliuawa Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi yetu na ya Waganda tarehe 11 Aprili 1979. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Yote matatu mwezi wa nne, yote masika! Nikaongeza Muungano, 26 Aprili 1964. Nikaongeza na Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyezaliwa Aprili 1922, na jina lake la Kambarage ni la mzimu wa mvua kwa sababu siku ile mvua ilinyesha. Hapo nikashikwa na hamu. Nikajiambia, mtoto huyu atakua masika haya, nami nitaandika kila hatua yake, na mbele ya kila hatua nitaandika jambo moja la mji huu.

Jambo la kwanza lilikuwa jina. Waongoza watalii wengi hueleza kuwa Bagamoyo ni "bwaga moyo", maana yake mtumwa akifika pwani anauacha moyo wake hapa kwa kukata tamaa, kwani mbele ni bahari tu. Maelezo hayo yanawatoa wageni machozi. Siyakatai kabisa, maana watumwa walipita hapa na uchungu wao ni wa kweli. Lakini watu wengi zaidi waliofika hapa karne ya 19 walikuwa wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kwa miezi mitatu au zaidi kutoka bara. Mpagazi akiona bahari anatua mzigo na kutuliza moyo: bwaga moyo, pumzika, umefika. Mimi nakubaliana na maelezo haya ya pili, nayo ndiyo wanayoyapendelea wanahistoria wengi. Wazee pale baraza nao walisema hivyo hivyo, bila kusoma kitabu.

Ila nikauliza swali ambalo vitabuni halikuwepo: hao wapagazi wake zao walikuwa wapi? Bibi akanijibu, "Mwanangu, mwanaume atembee miezi mitatu nani anampikia?" Nilikuja kujua baadaye kwamba mwanahistoria mmoja, Stephen Rockel, aliandika makala nzima mwaka 2000 kuhusu wanawake wa misafara. Walikuwepo, na si wachache. Walibeba vyungu, mikeka, unga na watoto migongoni. Wengine walijifungua njiani, wakapumzika kidogo, wakaendelea. Kwa hiyo pale kwenye magofu ya Karavanserai, tunapoambiwa kuwa ndipo palipokuwa kituo cha misafara, hebu msimwone mpagazi peke yake. Mwoneni pia mama anayetafuta maji ya kumwogesha mtoto aliyezaliwa safarini, mtoto ambaye pengine alijipindua kwa mara ya kwanza kwenye mchanga wa Bagamoyo.

Mwezi wa nne mtoto akaanza uji na kukaa kwa kuegemezwa. Tulikuwa tunamchimbia kishimo kwenye mchanga, tunamzungushia kanga, anakaa kama mfalme. Mvua ya mwaka ule ilikuwa nzito, na wazee wakaanza kuzungumza habari za mvua za zamani. Mmoja akasema bibi yake alikuwa akisimulia tufani iliyong'oa minazi "kabla ya Mjerumani". Nikaitafuta. Tufani hiyo ilipiga Unguja na pwani hii katikati ya Aprili 1872. Unguja iliangusha mikarafuu mingi mno, na huku kwetu iliharibu majengo ya Misheni, ambayo Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wameyaanza mwaka 1868. Stanley, yule mwandishi wa magazeti aliyekwenda kumtafuta Dakta Livingstone, alikuwa anarudi pwani wakati huo huo. Aliingia Bagamoyo Mei 1872 baada ya kuvuka mafuriko makubwa njiani. Yeye aliandika sana habari za matope na mizigo yake. Sisi tuliobaki na mji baada ya tufani kupita, hakuna aliyetuandika.

Na pale Misheni, watu waliopigwa na tufani ile wengi wao walikuwa watoto. Jambo hili watu hawalifikirii. Misheni ya Bagamoyo mwanzo wake haukuwa wa watu wazima. Mapadri walikomboa watoto waliokuwa watumwa, wakawaleta kuishi hapo, na masista wakawalea wasichana. Watoto hao walifundishwa kulima, useremala na kusoma, na walipokua wakaozeshwa na kupewa nyumba katika kijiji cha watu huru. Mtu akienda leo kwenye makumbusho ya Misheni ataona minyororo, ataona picha. Mimi nilikwenda na mwanangu, nikasimama mbele ya picha ya wale watoto muda mrefu. Kila mmoja wao alikuwa na mama aliyejua siku aliyokaa na siku aliyoota jino. Mama hao walibaki bara, au walikufia njiani, au waliuzwa mahali pengine. Habari ya hatua za watoto wale ikafa pamoja na kutenganishwa kwao. Nawaambia wenzangu, kwangu mimi utumwa niliuelewa pale, mtoto akiwa ananivuta ushungi, kuliko siku zote nilizousoma shuleni.

Basi, jino. Jino la kwanza lilitokea Mei, na lilitokea chini. Bibi alimfungua mtoto kinywa, akapapasa kwa kidole, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, la chini." Nikauliza, lingekuwa la juu je? Wazee wakatazamana. Yule msuka ukili akasema, "Zamani angeitwa kigego."

Jambo hili sikutaka kulificha, ingawa katika kamati wako waliosema lisiandikwe kwenye kijitabu cha sherehe. Zamani, katika sehemu nyingi za pwani na bara, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu aliogopwa. Alionwa kuwa ni mkosi kwa ukoo. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalo neno hilo na maana yake, na zinaeleza kuwa watoto wa namna hiyo waliweza kutupwa au kuuawa. Daktari yeyote leo atakwambia kuwa meno ya juu kutangulia ni maumbile tu ya mtoto, hayana madhara kwa mtu yeyote. Lakini fikirieni mama wa wakati ule, anayepapasa fizi za mwanawe kila asubuhi huku moyo unadunda. Kwetu sisi jino la kwanza ni furaha na udenda na kununua kitambaa cha kufutia. Kwake yeye lilikuwa hukumu. Hiyo nayo ni historia ya Bagamoyo, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko habari ya Emin Pasha kuanguka dirishani Desemba 1889, ambayo kila mgeni husimuliwa.

Tukiwa kwenye habari hizo nikapata habari ya kitabu. Yuko mtu wa hapa hapa kwetu, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili kwa Wajerumani. Huko alikusanya na kuandika desturi za Waswahili, na mwaka 1903 kitabu kikatolewa Ujerumani, Desturi za Wasuaheli, chini ya jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa mkubwa wake kazini. Mwaka 1981 kikatoka kwa Kiingereza. Kilichonifurahisha mimi ni mwanzo wake. Bwana huyu hakuanza na masultani wala vita. Alianza na mimba na kuzaliwa kwa mtoto. Nina hakika habari zile hakuzipata barazani kwa wanaume wenzake. Alizipata kwa mama yake, shangazi zake na wakunga, ambao hawakutajwa kwenye jalada.

Mwenyewe hakuishia vizuri. Alioa Mjerumani mwaka 1904, na mwaka uliofuata alipotaka kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya kikoloni ilikataa mke wa Kizungu wa Mwafrika ashuke katika koloni. Wakarudishwa Ulaya. Akafia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeandika namna mtoto wa pwani anavyopokelewa duniani hakuruhusiwa kuishi na familia yake pwani.

Mwezi wa sita mvua zikakatika na mtoto akaanza kutambaa. Kwanza alikuwa anasota kwa makalio, halafu akapata nguvu ya magoti, basi hapo kikombe hakikai chini. Mwezi huo ndio niliomsoma Halima. Historia ya Livingstone tunaijua tangu darasa la nne. Alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, na Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili wake miezi tisa mpaka Bagamoyo, wakaufikisha Misheni Februari 1874. Majina ya Chuma na Susi tunayo kwenye vitabu. Lakini katika msafara ule alikuwemo mwanamke, Halima, aliyekuwa mpishi wa Livingstone miaka mingi. Naye aliufuata mwili ule mpaka pwani. Mhariri wa shajara za mwisho za Livingstone, zilizotolewa mwaka 1874, mwenyewe aliandika pembeni kwamba ni jambo gumu kuona utumishi wa muda mrefu wa mama yule haukulipwa kitu. Kuna mtu kati yetu aliyewahi kumsikia Halima darasani? Mimi sikumsikia. Nilimsikia nikiwa na miaka thelathini na mmoja, mtoto akinivuta kitabu mkononi.

Habari za Wajerumani nitazipitisha haraka, maana zimeandikwa vya kutosha na kibao chake kipo pale Boma. Walichukua pwani mwaka 1888. Abushiri bin Salim na watu wa Mrima wakapigana nao, na Bwana Heri wa Saadani vile vile. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Bagamoyo ikawa makao makuu mpaka mwaka 1891, halafu makao yakahamia Dar es Salaam kwenye bandari yenye kina. Agosti 1916 Mwingereza akaingia. Kwa wazee wetu hizo zilikuwa ni alama za kuhesabia watoto tu: huyu wa vita vya Abushiri, huyu wa Mwingereza alipoingia. Makarani wa sensa nao walijua hivyo, ndiyo maana katika sensa zetu wamepewa orodha ya matukio ya mahali ili kukadiria umri wa watu wasiokuwa na vyeti.

Mwanangu alisimama dede tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa. Mbeya huko walikwenda kuangalia kwa maelfu, kule Rujewa. Hapa kwetu lilimegwa tu upande. Watu wote wapo nje wanatazama juu, mimi natazama chini, maana kijana ameachia kigoda.

Sasa nifike kwenye jambo lililofanya kikundi kichukue ile karatasi yangu ya nyuma ya kadi kama kitu cha maana.

Bibi jirani yangu ni mwanachama. Wengi mnamfahamu, na ameniruhusu kuandika haya. Mwaka 2021 macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akaambiwa ni mtoto wa jicho. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mtu wa miaka 60 ni mzee, na mzee asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo. Bibi akaenda ofisi moja kuomba kitambulisho cha matibabu ya wazee. Wakaangalia kadi yake ya mpiga kura. Imeandikwa 1 Januari 1966. Tarehe hiyo alipewa na karani siku ya kuandikishwa, kwa sababu hakuwa na cheti na foleni ilikuwa ndefu. Wakamwambia, "Mama, wewe una miaka hamsini na mitano. Rudi baada ya miaka mitano." Akarudi nyumbani kwa kupapasa ukuta.

Kukosa cheti halikuwa kosa lake. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilitungwa wakati wa Mwingereza, mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu Waafrika hawakulazimika kusajiliwa. Alizaliwa nyumbani, kwa mkunga, kama wenzake wote.

Siku ya mkutano Jumamosi jambo likaletwa. Mweka hazina akauliza, "Bibi, mama yako alikuwa anasema ulizaliwa lini?" Akasema, "Mama alikuwa akisema nilikuwa nimeanza kukaa mwenyewe usiku wa Uhuru. Aliniweka kwenye mkeka ndani, wenzake wanakwenda kucheza ngoma, yeye anachungulia mlangoni maana mvua ya vuli mwaka ule ilikuwa haina simile. Na jina la mwezi alisema Mfunguo Tatu."

Jamani, nilisimama. Mtoto anakaa mwenyewe akiwa na miezi sita, saba, nane. Uhuru ni 9 Desemba 1961. Rudi nyuma: Aprili, Mei au Juni. Mfunguo Tatu ya mwaka ule, kwa kalenda ya Kiislamu, iliingia katikati ya Mei 1961 na kwisha katikati ya Juni. Na ile mvua ni kweli, mwishoni mwa 1961 Afrika Mashariki ilipata mvua kubwa isiyo ya kawaida. Mambo matatu yanakutana mahali pamoja kama mafiga. Bibi alizaliwa mwishoni mwa masika ya 1961, na mwaka ule wa 2021 alikuwa ametimiza miaka 60 kamili.

Katibu akaandika maelezo yote kwenye karatasi mbili. Wakatafutwa wazee wawili wanaomjua Bibi tangu utoto, mmoja wao mdogo wa mama yake, mtu wa zaidi ya miaka 80, ambaye alikumbuka kuwa mwenyewe alimbeba Bibi akiwa hajaota meno siku za Idi ya Kuchinja. Mfuko wa jamii ukalipa hati ya kiapo na nauli. Safari zilikuwa nne. Safari ya kwanza tuliambiwa hadithi za wakina mama si ushahidi. Safari ya pili mhusika hakuwepo. Safari ya tatu tulimpata kijana mmoja ofisini aliyesikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu akahesabu mwenyewe, miezi ya Kiislamu na yote, akasema, "Hii inaingia." Ya nne tulipokea karatasi.

Ilichukua miezi saba. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji likapona. La kushoto walisema lina ugonjwa mwingine ndani na tumechelewa. Bibi anashona kwa jicho moja sasa, na mishono yake mnaiona kwenye vitambaa vya meza za sherehe hii.

Baada ya hapo kikundi kilikubaliana kununua daftari kubwa la kurasa mia mbili, mbali na la hisa. Linakaa ndani ya sanduku, chini ya zile kufuli tatu, pamoja na fedha. Wako walionung'unika kuwa linajaza nafasi. Mwenyekiti akawajibu kuwa fedha za mgao huwa zinatoka, kwa hiyo nafasi ipo. Upande wa kushoto mwanachama anaandika mtoto au mjukuu na hatua yake: kukaza shingo, kukaa, jino, kutambaa, dede. Upande wa kulia anaandika kilichotokea mtaani, mjini au nchini siku hizo. Mwanachama asiyejua kuandika anaandikiwa na katibu bila faini na bila haraka. Pia tumeanza kuandika za zamani, kurudi nyuma, kadiri wazee wanavyokumbuka. Ya zamani kuliko zote mpaka leo ni ya mama mmoja wa Magomeni: bibi yake alikuwa anatambaa Mwingereza alipoingia, kwa hiyo tumeandika "mwishoni mwa 1915 au mwanzo wa 1916", na alama ya kuuliza.

Wanachama na wapenzi wa kikundi ambao bado wana mama, bibi au shangazi wa umri mkubwa, tunawaomba wawalete siku ya mkutano, Jumamosi saa kumi. Chai ipo. Asiyeweza kutembea tutamfuata nyumbani, na tukifuatana na mtoto mchanga msishangae, maana tumeona wazee husema zaidi mtoto akiwepo. Tunahitaji hasa watu wanaokumbuka masika ya miaka ya 1940 na 1950, kurasa zake bado ni nyeupe.